Boti Isiyonguruma na Maji ya Ugali

Vijana wangu, Jumapili iliyopita Espoir alinisimamisha kwenye maegesho ya kanisa, mbele ya watu. Espoir ndiye anayeshughulikia vipaza sauti vya kwaya, kwa hiyo kila kelele ni adui yake. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha puani, na ninyi wengine mkicheka nyuma yake: Papa Elia, maisha yako yote umekuwa fundi wa injini, mbona gari lako linapiga kelele kama mashine ya kusaga mihogo? Ekzosi imetoboka tangu sisi tukiwa watoto. Huoni haya?

Nilicheka pamoja nanyi, nikapanda, nikaondoka nikiwaachia moshi. Lakini njiani kuelekea nyumbani Shively, hapa Louisville, nilijiambia kwamba swali lile linastahili jibu. Jibu lenyewe halianzii kwenye gari. Linapitia Buffalo, kwenye mfereji, ndani ya boti ya kazi ambayo mashine yake haikuwa na sauti. Mwenye haraka aweke maandishi haya pembeni, ayasome siku akiwa na nafasi.

Nianze na siku tuliyoondoka na gati la watu.

Katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi nilikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa boti ya kufanyia majaribio. Ilikuwa boti ya chuma, bapa, yenye sura mbaya, ya kuokota magogo na kusukuma tishari la mawe ya kuziba kingo za mfereji. Tulikuwa tumeng'oa dizeli yake ya zamani na kuweka mota ya umeme, betri zimepangwa chini ya sakafu pande zote mbili, na jenereta ndogo kule mbele ya kuzichaji. Wenye kampuni walitaka kujua kama boti ya kazi ngumu, si ya kutembeza watalii, inaweza kuishi na mtambo wa namna ile. Kwenye michoro ilionekana inaweza. Ilibaki kuuliza maji.

Nahodha wetu aliitwa Dale, Mzungu wa Buffalo, tumbo mbele, kofia kichwani ambayo mpaka siku ile hatukuwa tumeona kilichokuwa chini yake. Wa tatu alikuwa Hamisi, kijana wa Kigoma, fundi umeme wa karakana ya Columbus iliyoutengeneza mtambo. Siku ya kwanza ya majaribio wageni wa kampuni walikuja, wakasimama gatini na vikombe vyao vya kahawa. Sisi tukasimama ndani ya boti. Dale akataka kufungua kamba, nikamwambia bado.

Kwetu Uvira, ziwani, hakuna boti inayofunguliwa kamba kabla mtu hajaomba. Anaomba mkubwa kwa umri kati ya mafundi, na hakuna anayemkata maneno. Dale alisema sawa, akavua kofia, na kumbe chini yake hakukuwa na kitu. Hamisi akasema dua yake ataisoma kimoyomoyo, mimi niendelee. Wageni nao, kwa adabu, wakainamisha vichwa.

Mnayajua maombi yetu. Nilishukuru kwa safari ya kutoka Louisville, nikashukuru kwa betri, nikamwombea aliyeziunda betri, nikapita kwa Nuhu kwa kuwa naye alikuwa mtu wa boti. Nilikuwa nakaribia kwa Petro niliposikia kitu kama mfupa unavunjika. Sikufumbua macho, maana shetani ana vituko vyake watu wakiwa wanaomba. Niliposema amina na kutazama, wageni na kahawa yao walikuwa mbali, na nyuma yetu ulikuwa unaelea ubao mzima wa gati, kamba yetu bado imefungwa juu yake vizuri kabisa.

Hamisi akanitazama. "Mzee Elia," akasema, "dua yako imepokelewa haraka mno."

Kilichotokea ni hiki. Dale alikuwa amesukuma mkono wa kuendeshea kidogo, kuujaribu tu, kisha akausahau mbele. Kwenye dizeli usingeweza kusahau. Ingekuwa inakupigia makelele miguuni. Mota ile ilikuwa inavuta tangu kwa Nuhu, na sisi watatu, wenye mazoea ya injini vichwani, tulidhani imelala. Kuanzia siku hiyo nilikata kipande cha kitenge chekundu, na kila umeme ulipowashwa tulikifunga kwenye mkono ule. Ukihama kutoka mashine yenye sauti kwenda mashine isiyo na sauti, masikio yatakudanganya kwa muda mrefu, kwa hiyo tafuta kitu ambacho jicho litakiona.

Sasa nirudi ziwani, kwa sababu ndiko alikokuwa mke wangu Faida.

Mlimjua Mama Faida alipokwisha kuwa mtu wa kanisa hili, anawagawia mandazi na kuwauliza mmekula nini. Mimi nilimwoa nikiwa fundi wa injini kwenye boti za mbao za mizigo, Uvira kwenda Kalemie na kurudi. Boti zile hazikuwa na saa ya kufika. Kulikuwa na mawimbi, kulikuwa na mafuta mabaya, kulikuwa na askari wa kuomba kitu kidogo kila ufuko. Wanawake wa mtaani kwetu hawakuuliza saa. Walisikiliza. Kila injini ina mlio wake, na Faida aliutambua wa kwangu boti ikiwa bado mbali. Akiusikia tu, anatia maji ya ugali kwenye moto. Nikifunga kamba, nikisugua mafuta mikononi kwa mchanga, nikipanda mpaka nyumbani, nakuta ndiyo anasonga.

Kuna safari moja nilibadilisha noseli ya kupulizia mafuta kwenye injini, Kalemie, mlio ukawa mwingine, sikuwa na njia ya kumwambia. Nilifika nyumbani nikakuta jiko la baridi. Alinitazama kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe bila kubisha hodi. Alinuna mpaka kesho yake, mimi nikabaki naomba msamaha kwa ajili ya noseli.

Mungu hakutupa mtoto. Tulikuwa na mlio ule na sufuria ile, na nawaambia bila aibu kwamba tulikuwa na furaha.

Vita vilipofika, mimi nilikuwa majini na boti ya mtu. Niliishia upande wa Burundi. Yeye alivuka na mama yake mpaka Kigoma, akaingizwa kambini kule. Tulipopatana kwa simu, majina yetu yalikuwa yameandikwa katika kambi mbili, nchi mbili. Jina langu liliitwa kwanza. Nikaambiwa nitangulie Amerika, nikishafika nimwite. Nikafika Louisville, nikamwita, tukaanza kungoja. Haya yote ya boti yalitokea ndani ya kungoja huko, na hakuna siku niliyosahau.

Nilianzia kwenye ghala, Okolona, kama wazazi wenu. Siisemi vibaya kazi ya ghala, imewasomesha. Lakini mkono uliozoea spana ukibeba maboksi mchana kutwa unauona kama wa mtu mwingine. Mwalimu wetu wa Kiingereza pale kanisani alikuwa na mume mwenye karakana ndogo karibu na mfereji wa Louisville, ule unaokwepa maporomoko ya mto. Huyo bosi ndiye aliyekuwa amepewa ile boti na kampuni, na alikuwa anatafuta mtu wa kung'oa dizeli ya zamani bila kuiharibu, maana alitaka kuiuza. Alinipa masanduku ya spana, akanionyesha boti. Nilifungua kifuniko cha chumba cha injini, harufu ya dizeli iliyolala ikanipiga, nikaanza kulia. Bosi alikuja mbio na bendeji, akidhani nimejikata.

Kabla hatujaing'oa nilimwomba aniruhusu niiwashe mara ya mwisho. Nikampigia Faida kambini, nikaishikilia simu juu ya injini. Niliporudisha simu sikioni alikuwa anacheka sana hata hawezi kusema.

"Eh, mzee wangu! Ile ni motere ya kweli. Bon, ngoja natia maji ku moto."

Nilibaki nimesimama pale na simu mkononi. Bosi akauliza kama kuna habari mbaya. Nikamwambia hapana, mke wangu anapika.

Boti ilivutwa kwa lori kutoka Louisville mpaka Columbus, mtambo ukafungwa huko, ndipo ikapelekwa Buffalo. Columbus ndipo nilipokutana na Hamisi. Alinisalimia, "Shikamoo, mzee," nami nikamjibu, "Aksanti." Kwetu salamu hiyo hatuna. Alicheka mpaka akaketi juu ya betri. Baadaye alinifundisha kuitikia, nami nikamfundisha kula sombe, kisamvu chetu cha mawese, bila kuuliza maswali. Alikuwa na elimu kubwa na roho nyepesi. Alipojua mke wangu yuko kambini mkoani kwao, alianza kumwita shemeji, na kila Jumapili nikipiga simu anapaza sauti kutoka nyuma: "Msalimie shemeji, mwambie dagaa wa kwetu asile bila mimi!"

Nawaambia mambo matatu manne ya kazi, kisha niendelee. Kifuniko cha mota ukitaka kujua joto lake, kiguse kwa nyuma ya mkono, si kwa kiganja. Umeme ukiwa umevuja, kiganja kitakamata na hakitaachia, ila mgongo wa mkono utaruka wenyewe. Pili, majani ya mferejini na mifuko ya plastiki hujisokota kwenye pangaboi la chini ya maji mpaka inakuwa kama kilemba. Dizeli ikikabwa hivyo inalalamika, sauti inashuka, unajua. Mota ya umeme hailalamiki. Inavuta zaidi, inavuta zaidi, kisha inajizima katikati ya maji na watu wakiwa wanakutazama kutoka darajani. Tulijifunza kutazama povu la nyuma: likiwa jembamba, simama, chomoa majani. Na betri haipendi baridi. Asubuhi za Buffalo majani yakianza kuanguka, tulikuta zimepoteza nguvu kabla ya kazi. Hamisi aliagiza vifuniko maalumu. Wakati tunavingoja nilizifunika kwa mablanketi yangu mawili niliyopewa kanisani, yale yenye picha ya simba.

Dale ndiye aliyeteseka kuliko sisi. Mtu aliyeendesha boti maisha yake yote kwa kusikia sasa hakujua kama anakwenda kasi au polepole. Basi akaanza kunguruma mwenyewe. Amesimama kwenye usukani, midomo imefungwa, anatoa mlio wa dizeli kutoka kifuani, na akiongeza umeme anapandisha sauti. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Hamisi na mimi tulikubaliana tusimwambie, tukihofia ataacha.

Jumapili moja, tukiwa majini tunajaribu masafa marefu, nilimpigia Faida. Nikamwambia leo utasikia mtambo mpya, ile kazi ninayokusimulia kila wiki. Nikashikilia simu juu ya sakafu, kisha nikairudisha sikioni.

"Umeizima?" akauliza.

"Sijaizima, mama. Inatembea."

"Mi nasikia maji tu. Na mtu iko analalamika. Nani ule, iko mugonjwa?"

"Ni nahodha. Anaimba."

Faida akasema polepole, "Donc, motere ile ikifika ku ziwa letu, mi nitajua namna gani kama uko unafika?"

Nilikuwa nimekaa miezi mingi najivunia ukimya wa mtambo ule. Ndege wa mferejini walikuwa hawaruki tukipita, wavuvi wa kingoni walitupungia mkono, Hamisi alikuwa anatembea kama baba wa bwana harusi. Na swali lile halikuwa limenijia hata mara moja. Dale aliniona uso ukibadilika, akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha wakati ule: mlio, ufuko, maji ya ugali. Alimpa Hamisi usukani, akachukua simu, akavua kofia, na kumngurumia mke wangu dizeli nzima: ikiwashwa, ikikohoa, ikishika moto, ikikaribia, ikipunguzwa kwa ajili ya kufunga kamba. Mtu mzima yule, jasho linamtoka.

Nilisikia kicheko cha Faida hata simu ikiwa mkononi mwa mwingine. Niliporudishiwa alikuwa anapangusa machozi, nilijua kwa pua yake.

"Ambia yeye aksanti," akasema. "Ambia yeye maji iko ku moto."

Majaribio yalifaulu. Boti ilisukuma tishari lililojaa mawe mpaka kwenye lango la maji na kurudi, mara nyingi, bila kujizima. Bosi akaniita. Boti itabaki kwenye mfereji, akasema, ifanye kazi ya kweli, na anahitaji fundi mmoja ahamie Buffalo akae nayo. Alinitaka mimi. Nyumba ingepatikana. Dale alikuwa amekwisha kunitafutia hata mahali pa kununua mihogo.

Vijana, niliitaka kazi ile. Sijawahi kutaka kazi nyingine hivyo, kabla wala baadaye. Kuamka, kufungua kifuniko, kugusa mota kwa mgongo wa mkono, maji yako pale, boti yangu iko pale. Nilikuwa nimerudi kuwa mtu yule wa Uvira.

Lakini nilikwenda kwanza ofisini Louisville, kwa mama aliyekuwa anafuatilia safari ya Faida. Aliniambia ukweli: ukihama jimbo, faili litahamia ofisi nyingine, na huko mimi siwezi kukuahidi lolote, huenda likaenda mwisho wa foleni. Nikampigia Faida. Nikamweleza yote mawili, nikijitahidi sauti isiegemee upande wowote.

"Enda," akasema. "Enda ku boti yako, mzee wangu. Mi nimeshazoea kungoja."

Aliisema vizuri, bila kulalamika, kama mtu anayesema amezoea baridi. Ndipo nilipojua siendi. Nilitaka kumuondoa katika mazoea hayo, na hakukuwa na boti ya thamani hiyo.

Siku ya kuagana Hamisi alinikumbatia akasema, "Haya, mzee, msalimie shemeji, safari hii mkiwa mmekaa meza moja." Dale alinipa mkono, akaingia kwenye boti, akafunga kile kitambaa chekundu. Nilisimama gatini. Boti ikaondoka bila sauti, ikapinda kona, na sikuweza kuifuatilia kwa masikio hata kidogo. Ilinichoma. Kwenye ziwa ungeweza kuagana na boti muda mrefu baada ya kupotea machoni. Hii ilipotea mara moja tu. Sijaiona tena. Nasikia bado inafanya kazi, na fundi wake ni mtu mzuri, na nimemwonea wivu mpaka leo.

Nikarudi Okolona. Wakanipa foklifti ya umeme, gari la kunyanyulia mizigo, nayo kimya, kama mtu aliyeamua kunitania.

Faida alifika msimu wa baridi uliofuata. Mama zenu walikuja uwanja wa ndege na ngoma na vitenge, mlinzi akaomba tupunguze. Alikuwa amekonda. Swali lake la kwanza likawa, "Na motere yako?" Nikamwambia niliiacha. Akanishika mkono wenye makovu ya spana, hakuuachia mpaka nyumbani. Gari langu lilikuwa hili hili, na ekzosi ilikuwa imetoboka wiki ile ile. Niliona aibu njia nzima. Nilimwambia nitalitengeneza kesho.

Kesho yake nilikwenda kazini. Nilirudi jioni, nikaegesha, nikafungua mlango. Faida alikuwa ameinamia sufuria anasonga, mvuke usoni, kilemba kimekaa upande.

"Nimekusikia toka kule ku kona," akasema. "Kaa. Inaiva."

Ndiyo hivyo, Espoir. Ekzosi ile ni kazi ya mchana mmoja, na vifaa ninavyo gereji. Polisi alinisimamisha pale barabara ya Dixie, nikamwambia mimi ni fundi, akasema basi litengeneze, nikasema ndiyo bwana, nikaenda zangu. Majirani walinung'unika. Mchungaji alinisema kwa upole. Miaka yote hiyo Faida hakuniuliza hata siku moja natoka kazini saa ngapi. Nilistaafu, nikaanza kutoka kwenda dukani tu au kwenu kanisani, na bado nikirudi sufuria iko motoni.

Mwaka jana tulimzika. Mlilibeba jeneza ninyi wenyewe, Espoir ukiwa mbele upande wa kushoto, nami sijawashukuru vya kutosha. Kwa hiyo swali lako la Jumapili, ulipoliuliza, lilikuwa la haki kweli, kama vile umesema: sasa hakuna tena wa kusikiliza, mzee, si utengeneze?

Nitalitengeneza. Bado sijawa tayari. Nikifika nyumbani sizimi upesi. Naliacha lingurume kidogo pale mbele ya mlango, nimpe nafasi ya kutia maji. Kisha nazima, naingia ndani, nayatia mwenyewe.